Mwanao anataka kuwa wakili wa kesi za jinai? Usichague chuo kwa jina tu

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mara nyingi mwezi Julai, wakati kahawa ikiendelea kuchumwa Mbozi. Kwa familia za Nanyala, hiyo ina maana kwamba uamuzi mkubwa wa elimu ya mtoto unafanyika huku watu wakiwa shambani, pesa ya msimu haijaingia na dirisha la maombi ya vyuo liko wazi kwa wiki chache tu. Ndiyo maana wengi huamua haraka. Mtoto anataja chuo alichokisikia kwa rafiki, mjomba aliyeko Mbeya anataja kingine, na anayejua kutumia mtandao anajaza fomu.

Miongoni mwa waliofanya vizuri masomo ya sanaa hawakosekani wanaotaka kusoma sheria. Ukiwauliza sheria ipi, wengi hujibu bila kusita kuwa ni jinai. Kwa mtoto aliyekulia kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, hilo halishangazi. Ameona malori yakisimamishwa na kupekuliwa. Amesikia habari za wahamiaji waliokamatwa wakisafirishwa kwa siri kuelekea kusini. Pengine amemjua kijana wa mtaani aliyekaa mahabusu muda mrefu kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na mtu wa kuwaeleza la kufanya.

Ndoto hiyo ni njema. Ila mazungumzo ya nyumbani mara nyingi huanza na kuishia kwenye jina la chuo, kana kwamba jina likiwa kubwa safari imekwisha. Kwa anayetaka kesi za jinai, maswali ya kuulizana nyumbani ni mengine, na mzazi asiyesoma sheria anaweza kuyauliza vizuri tu.

Hakuna shahada ya kwanza ya jinai pekee

Jambo la kwanza la kumweleza mtoto ni kwamba shahada ya kwanza ya sheria hapa nchini ni moja kwa wote. Anayetaka kuwa mwanasheria wa benki, wa ardhi au wa jinai wote huketi darasa moja kwa miaka mitatu au minne, kutegemea chuo. Jinai ni masomo ndani ya shahada hiyo.

Masomo yenyewe yanajulikana. Kuna sheria ya makosa ya jinai, ambayo msingi wake ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuna mwenendo wa makosa ya jinai, unaoeleza mtu anakamatwaje, anashtakiwaje, anapewaje dhamana na kesi inasikilizwaje. Kuna pia sheria ya ushahidi. Hayo matatu ndiyo mafiga ya kazi ya jinai. Chuo kikiwa na mwalimu mzuri wa mikataba lakini somo la ushahidi likawa linafundishwa mbiombio, mtoto anayelenga jinai amepunjwa.

Kesi nyingi za jinai hazishindwi wala kupotea kwa hotuba kali kama za kwenye filamu. Hupotea kwa sababu hati ya mashtaka iliandikwa vibaya, au kielelezo kilipita mikononi mwa watu watano bila kumbukumbu, au shahidi muhimu hakuitwa. Mwendesha mashtaka makini huyaziba matundu hayo mapema. Wakili wa utetezi makini huyaona. Uwezo huo hujengwa kwa kufundishwa na kwa kufanya mazoezi, na hapo ndipo vyuo hutofautiana.

Mlango wa pili uko baada ya mahafali

Wazazi wengi huhesabu kwamba mtoto akivaa joho la shahada ya sheria amekuwa wakili. Sivyo. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha taasisi ya mafunzo ya sheria kwa vitendo, ambayo wengi tunaiita Law School, iliyoko Dar es Salaam. Mwenye shahada anayetaka kusajiliwa kuwa wakili hupita kwanza hapo kwa takribani mwaka mmoja wa mafunzo na mitihani, ndipo apeleke maombi ya kukubaliwa na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu.

Mlango huo ni mwembamba. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya kundi moja la wanafunzi wake. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Kelele zilipozidi, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dk Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Wapo waliolaumu taasisi yenyewe, wapo waliolaumu vyuo vikuu kwa kutoa wahitimu wasioiva, na wapo waliosema wanafunzi hawasomi. Kwa mzazi wa Nanyala, fundisho ni moja bila kujali nani alikuwa na kosa. Chuo cha kwanza kinapaswa kupimwa kwa namna kinavyomwandaa mtoto kuvuka mlango wa pili. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa jembe lazima lichaguliwe.

Jinai ni kazi zaidi ya moja

Kabla ya chuo, mtoto aulizwe anajiona wapi ndani ya chumba cha mahakama. Jibu linabadilisha mipango.

Anayetaka kuendesha mashtaka analenga kuwa wakili wa serikali chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilitenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 2018, na sasa inajitegemea. Ajira zake hutangazwa kwa utaratibu wa utumishi wa umma, na ushindani ni mkubwa.

Anayetaka utetezi anaweza kuajiriwa na kampuni ya mawakili au kufungua ofisi yake. Huyu ajue mapema kwamba wateja wengi wa jinai hawana pesa. Katika kesi za mauaji, mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili na serikali, na mawakili vijana wengi hujifunzia hapo. Si kazi ndogo. Kosa la kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, halina dhamana, na kesi husikilizwa Mahakama Kuu. Uzembe wa wakili hapo hulipwa na mtu mwingine.

Yupo anayetaka kuwa hakimu. Huyo ataomba kazi kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama. Yupo pia anayevutiwa na upelelezi zaidi kuliko mahakama, kama kazi za TAKUKURU, za kupambana na dawa za kulevya au za Jeshi la Polisi. Mpelelezi halazimiki kuwa wakili. Pengine kwake shahada ya uhasibu au teknolojia ya habari itakuwa na manufaa kama ya sheria, kwa kuwa wizi wa siku hizi unapita kwenye simu na akaunti za benki. Mtoto akilijua hilo leo, anaweza kuepuka kusoma miaka mitano kitu ambacho hakukihitaji.

Vya karibu na vya mbali

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoanza kufundisha sheria nchini, mwaka 1961. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwamo Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuhitimu sheria chuoni hapo, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Wazazi wenye mabinti wanaoambiwa kwamba mahakama ni kazi ya wanaume wana jibu la zamani sana.

Leo orodha ni ndefu. Sheria inafundishwa Mzumbe mkoani Morogoro, Chuo Kikuu cha Dodoma, SAUT Mwanza, Makumira mkoani Arusha na kwingineko. Kwa watu wa Songwe, Iringa iko njiani kwenye barabara ileile ya kwenda Dar es Salaam, na ina Chuo Kikuu cha Iringa pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha, ambavyo vyote vina sheria. Chuo Kikuu Huria kipo kwa anayesoma huku akifanya kazi, ingawa kinahitaji nidhamu ya mtu mzima.

Mbeya ni karibu zaidi, na inavutia kwa sababu mtoto anaweza kurudi nyumbani mwisho wa wiki na kubeba unga. Lakini mzazi asidhani kwamba kila kozi ya chuo mama ipo kwenye kampasi ya mkoani. Aangalie mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kila mwaka. Mwongozo huo unaonyesha kila kozi, chuo na kampasi inakofundishwa, sifa za kujiunga na idadi ya miaka. Chuo au kozi isiyoonekana humo isilipiwe hata shilingi. Januari 2020 TCU ilitangaza kufuta vibali vya vyuo na vituo kadhaa, na wanafunzi wake wakalazimika kutafuta pa kwenda.

Kiwango cha chini cha jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni tano, B nne, C tatu, D mbili na E moja. Vyuo vingi huongeza masharti yao juu ya hapo, yakiwamo ya Kiingereza. Sharti la chuo ndilo la kusoma, si lile la jumla.

Maswali sita ya kuuliza chuo

Mzazi si lazima ajue sheria ili kupima chuo. Piga simu ofisi ya udahili, au mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne anayetoka Songwe, kisha uliza haya.

Kwanza, wahitimu wenu wanafanyaje Law School? Chuo kinachofuatilia wahitimu wake kitakuwa na jibu. Kinachobabaika nacho kimejibu.

Pili, somo la ushahidi na la mwenendo wa jinai linafundishwa na nani? Mwalimu aliyewahi kusimama mahakamani, au anayeendelea kusimama, humfundisha mtoto mambo ambayo hayamo kitabuni.

Tatu, kila mwanafunzi anasimama mara ngapi kwenye mahakama ya mfano? Haya ni mazoezi ambapo wanafunzi wanakuwa mawakili, mashahidi na mahakimu, wanahoji na kuhojiwa. Angalia neno "kila". Vyuo vingi vina timu ya wanafunzi wachache hodari wanaokwenda kwenye mashindano, huku mamia wengine wakihitimu bila kuwahi kumuuliza shahidi swali moja la dodoso.

Nne, je, chuo kina kituo cha msaada wa kisheria kinachopokea watu halisi? Kumsikiliza mama mwenye mtoto aliyekamatwa, kisha kuandika maelezo yake yakaeleweka, ni somo kubwa kwa mtoto wa jinai.

Tano, wakati wa mafunzo kazini wanafunzi hupelekwa wapi? Mahakamani na ofisi za mashtaka, au kila mtu anajitafutia?

Sita, wanafunzi wanaandika kiasi gani, na nani anawasahihisha? Hili wengi hulipuuza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na hiyo ni nafuu kubwa kwa wananchi. Lakini masomo ya chuo kikuu bado yanafundishwa kwa Kiingereza, na hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani anazopaswa kuzisoma zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa sasa anahitaji lugha zote mbili ziwe kali: moja ya kusoma na kufanyia mitihani, nyingine ya kumfanya shahidi wa Mlowo aelewe swali. Darasa la mamia ya wanafunzi lisilosahihishiwa insha haliwezi kumpa hata moja.

Hesabu ya pesa iwe ya miaka mitano

Tuseme familia inategemea kahawa na mahindi, na imejipanga kwa miaka minne ya chuo. Mtoto anahitimu, picha zinapigwa, mbuzi anachinjwa. Miezi michache baadaye inagundulika kuna mwaka mwingine Dar es Salaam wenye ada, chumba, chakula na nauli ya daladala. Hapo ndipo vijana wengi hukwama, wakabaki na shahada ndani ya bahasha huku wakitafuta kazi yoyote.

Ndiyo maana hesabu ianze na mwaka wa mwisho na kurudi nyuma. Omba jedwali la ada kwa maandishi kutoka chuo unachokifikiria, pamoja na michango mingine yote, kisha weka gharama za Law School pembeni kama mwaka wa tano. Bodi ya Mikopo hutoa mikopo kwa wanafunzi wa shahada wenye sifa, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikitoa pia mwongozo kwa wanaosoma mafunzo ya sheria kwa vitendo. Soma mwongozo wa mwaka husika mapema, na vyeti vya kuzaliwa na nyaraka nyingine viandaliwe kabla ya dirisha kufunguliwa.

Hesabu hii wakati mwingine hubadilisha chaguo lenyewe. Chuo cha wastani kilicho karibu, kinachosahihisha insha na kuwapeleka wanafunzi mahakamani, kikiiachia familia akiba ya mwaka wa tano, kinaweza kumfikisha mtoto mbali kuliko chuo chenye jina kilichomaliza kila senti njiani.

Asiyepata pointi asikate tamaa

Wapo watoto wenye akili ya sheria ambao mtihani wa kidato cha sita uliwaendea vibaya, na wapo walioishia kidato cha nne. Kwao kuna njia ya astashahada na stashahada ya sheria. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, mkoani Tanga, kinajulikana kwa njia hiyo, na wengi waliopita hapo wanafanya kazi mahakamani. Mwenye stashahada aliyepata wastani wa kutosha anaweza kuomba shahada. Kiwango cha chini cha TCU ni GPA ya 3.0. Njia ni ndefu zaidi, lakini mtoto anayeipita huwa ameona faili za kesi mapema kuliko wenzake.

Kabla ya fomu, nendeni mahakamani

Kuna jaribio moja lisilo na ada. Kesi za jinai kwa kawaida husikilizwa mahakama ya wazi, isipokuwa baadhi kama zile zinazohusu watoto. Mchukue mwanao siku moja mwende Vwawa. Kaeni nyuma, zimeni simu, msikilize asubuhi nzima.

Hataona filamu. Ataona kesi ikiahirishwa kwa sababu shahidi hajafika. Ataona mtu akitolewa mahabusu na kurudishwa bila kusema neno. Ataona mwendesha mashtaka mwenye mafaili mengi na ndugu wa washtakiwa waliotoka mbali wakisubiri nje juani. Pengine ataona pia wakili mmoja akiuliza maswali manne ya kawaida, kwa sauti ya chini, na ushahidi uliosikika mzito ukaanza kulegea.

Mkirudi kwenye gari, muulize ameona nini. Akisema amechoshwa, mmeokoa miaka mitano. Akianza kukueleza swali ambalo wakili yule alisahau kuuliza, basi hapo kuna kitu cha kukijenga.

Na kama ana simu, kuna shule nyingine isiyo na ada. Hukumu za mahakama zetu huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, bure kwa kila mtu. Mwambie asome hukumu moja ya jinai kwa wiki kuanzia sasa hadi chuo kifunguliwe, kisha akusimulie kwa Kiswahili chepesi nani alishinda na kwa nini. Mzazi utasikiliza tu na kuuliza pale usipoelewa. Anayeweza kumweleza mama yake hukumu ya Mahakama ya Rufani akaelewa, ameshaanza kufanya kazi ambayo siku moja mtu aliyeko mahabusu atamtegemea aifanye vizuri.